Umeme na maji vimepanda kwa pamoja, tumebana kila kitu ila bili haishuki. Tuanzie wapi?

Mama Wawili

Habari za jioni wadau. Naombeni mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshabana mpaka tunakaribia kugombana na matokeo siyaoni.

Tuko watu 5, mimi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mwaka jana umeme ulikuwa unaenda kama yuniti 190 kwa mwezi na maji yuniti 15, yaani lita elfu 15. Sasa kuanzia kama miezi mitatu nyuma vyote viwili vikaanza kupanda taratibu, mwezi uliopita umeme umefika yuniti 300 na maji 25. Hatujanunua kitu kipya, hatujapata mgeni, matumizi ni yale yale.

Nilichofanya mpaka sa hivi: balbu zote nimeweka za LED, chaja za simu ni marufuku kuachwa kwenye soketi, TV inazimwa mapema, pasi mara moja kwa wiki, na baba yao amekuwa mkali, mtu akiacha taa ya korido anaamshwa akaizime hata kama kashalala. Juzi mdogo kalia kwa ajili ya chaja, kwa kweli iliniuma. Na pamoja na yote hayo umeme umepungua yuniti 4 tu kwa mwezi mzima.

Vitu vilivyopo: friji moja ya siku nyingi, hita ya maji ya tangi la lita 80 ambayo iko on muda wote, pampu ya maji ile inayojiwasha yenyewe ukifungua koki (maji yanaingia kwanza kwenye tangi la chini nje halafu pampu ndo inasukuma ndani), mashine ya kufulia, feni 3, TV na king'amuzi chake, birika la umeme na pasi. Kupika tunapika kwa gesi.

Wengine wananiambia nibadilishe friji, wengine niweke sola. Kabla sijatoa hela naomba kujua tatizo liko wapi.

Nyaya Kimya

Dada pole, na cha kwanza mrudishie mtoto chaja yake. Chaja iliyobaki kwenye soketi bila simu inakula chini ya nusu wati, mwezi mzima haifiki hata nusu yuniti. Sisemi ni vizuri kuiacha, nasema huko siko yuniti 110 zilikopotelea.

Shika hili moja, kitu chochote kinachotengeneza joto ndo mlaji. Kupasha maji lita 100 kutoka digrii 25 mpaka 60 kunakula kama yuniti 4, hiyo ni hesabu ya maji yenyewe, hakuna hita ya kawaida ya umeme itakayoikwepa. Sasa linganisha na balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa 5, unapata wati-saa 45, na yuniti moja ni wati-saa 1000, yaani ili ile yuniti moja lazima iwake masaa 111. Kubadili balbu ulifanya vizuri sana, zile za zamani za wati 60 karibu zote ilikuwa joto na mwanga kidogo, ila ukishabadilisha basi kwenye taa huna tena pa kubana. King'amuzi ndo ukiangalie, vingi vinavuta wati 10 hadi 20 hata kama TV imezimwa kwa rimoti, kikiwa cha wati 15 usiku na mchana ni yuniti 11 kwa mwezi. Hicho chomoa ukienda kulala.

Usinunue friji wala sola kwanza. Nenda kwenye mita usiku watu wakilala. Kuna kataa kadogo kekundu kanakonyeza, pembeni pameandikwa namba na imp/kWh, yaani mikonyezo kwa kila yuniti moja. Kama ni 1000 chukua saa ya simu, hesabu sekunde kati ya mkonyezo mmoja na mwingine, halafu 3600 gawanya kwa hizo sekunde, jibu ni wati zinazoliwa muda huo huo. Sekunde 36 ni wati 100, sekunde 4 ni wati 900. Kama yako ni 1600, basi badala ya 3600 tumia 2250.

Kaa hapo dakika 10, usikimbilie kuondoka. Ukiona kuna kitu kinaingia na kutoka njoo utuambie.

Mzee wa Kubana

Mimi ningekushauri ujaribu vile viboksi vya kuchomeka kwenye soketi vinavyopunguza umeme, vina taa ya kijani. Jirani yangu anayo miwili anasema imemsaidia. Ni kuchomeka tu na kuacha, haihitaji fundi.

Nyaya Kimya

Mzee wangu heshima yako, ila kwenye hilo sitakubaliana na wewe na naomba dada asipoteze hela. Nimevifungua hivyo viboksi zaidi ya kimoja. Ndani unakuta kapasita ndogo, kataa na saketi ya kuwashia hako kataa, basi. Kapasita inarekebisha ule umeme unaozunguka bila kufanya kazi, hilo lina maana kwenye viwanda vyenye mota kubwa kwa sababu wenyewe wanatozwa na hiyo sehemu. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliofanya kazi kweli, kwa hiyo hata kapasita ikifanya kazi yake vizuri kabisa yuniti zako hazipungui. Jirani inawezekana alipunguza matumizi mengine wakati huo huo, mtu akishanunua kitu cha kubana anakuwa mwangalifu zaidi.

Fundi Koki

Naona wote mnaangalia umeme, mimi kilichonishtua ni kwamba maji na umeme vimepanda PAMOJA na vimeanza mwezi mmoja. Kwenye nyumba yenye pampu inayojiwasha yenyewe na hita ya tangi hiyo mara nyingi ni kitu kimoja, kuna mahali maji yanatoka usiku na mchana na kila yakitoka yanaondoka na umeme.

Dada fanya hivi. Usiku kabla ya kulala funga ile koki inayoingiza maji kwenye tangi la chini ili lisiongezewe. Chukua fito kavu au mpini wa ufagio, uuzamishe wima mpaka uguse chini, utoe, weka alama palipolowana. Asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua maji rudia, uone umbali kati ya alama mbili. Pima pia upana wa tangi kutoka ukingo hadi ukingo, nitakusaidia hesabu. Hakikisha wote mmeshatumia choo kabla, na mashine ya kufulia isiwe inafanya kazi.

Jambo la pili, choo. Fungua mfuniko wa tangi la choo, tia rangi ya chakula mle ndani, yoyote yenye kukolea, usiflashi. Subiri robo saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la chini basi kile kiraba kinachofunga tundu hakizibi. Na angalia kile kibomba kilichosimama katikati, kama maji yanamwagikia humo basi boya limewekwa juu mno. Choo kinachovuja namna hiyo hakina kelele, maji yanateleza kwenye ukuta wa bakuli kama filamu nyembamba, unaweza kukaa nacho mwaka mzima hujui.

Tatu, usiku kukiwa kimya kasimame karibu na pampu. Hapana anayetumia maji, kwa hiyo inatakiwa iwe kimya kabisa.

Mama Wawili

Jamani nimerudi na nina ya kusema mengi, nisameheni nitaandika kirefu.

Mita yangu ni ya 1000. Jana saa 5 usiku nimekaa nayo na tochi. Mwanzo kale kataa kanakonyeza kila baada ya dakika nzima hivi, nikasema hamna kitu hapa, mara ghafla kakaanza haraka haraka nikahesabu sekunde 4, kakaenda hivyo kwa muda mfupi tu halafu kakatulia tena. Nikasubiri, baada ya kama dakika 2 tena. Na tena. Nikamwita mume wangu aende nyuma kwenye pampu mimi nibaki kwenye mita tukawa tunapigiana simu, kila mita ikikimbia ananiambia imewaka, ikitulia ananiambia imezima. Inawaka kama sekunde 10. Tumekaa nusu saa imewaka mara 15 na nyumba nzima imelala.

Na kitu kinachoniumiza, mama mkwe alishatuambia zamani kwamba usiku kuna kitu kinakoroma nyuma ya ukuta wa chumba chake. Tukamwambia mama hiyo ni friji. Leo asubuhi nimeenda kumuomba radhi.

Tangi: kutoka saa 5 usiku mpaka saa 11 alfajiri alama imeshuka sentimita 9. Upana wa tangi ni sentimita 110.

Choo cha watoto rangi imetokea kabla hata ya robo saa. Choo chetu kiko salama.

Fundi Koki

Safi sana, umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Tangi la upana huo kila sentimita moja ni kama lita 9 na nusu, kwa hiyo sentimita 9 ni lita 85 kwa masaa 6. Kwa siku unapata kama lita 340, kwa mwezi ni yuniti 10 za maji. Ndo zile zile ulizoongezeka, kutoka 15 mpaka 25.

Kiraba cha choo badilisha, usikizungushie gundi wala kukisugua ukasema kimepona. Vikishakauka na kushika chokaa havirudi. Funga koki ndogo iliyo ukutani nyuma ya choo, flashi tangi liishe, chomoa kile kiraba nenda nacho dukani mkononi maana vipo vya ukubwa tofauti. Kabla ya kuweka kipya pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, ukihisi ukwaruzo futa na kitambaa chenye siki mpaka pawe laini, la sivyo hata kipya kitavuja.

Ila naomba nikuulize, hakuna koki nyingine yoyote inayodondosha? Hata ya nje?

Nyaya Kimya

Na mimi niweke hesabu ya pampu. Sekunde 10 kila dakika 2 ni mara 720 kwa siku, ukijumlisha ni masaa 2 ya pampu kufanya kazi bure. Kwa wati 900 ni yuniti 1.8 kwa siku, yuniti 54 kwa mwezi! Na wala siyo yuniti tu, mota inaumia zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati inaendelea kuzunguka, ukiiwasha mara 720 kwa siku unaiua, kapasita itakufa na swichi ya presha itaungua midomo.

Ila dada umeongezeka yuniti 110, hizi ni 54. Kuna nyingine kama 50 bado ziko mahali.

Mama Wawili

Kiraba tumebadilisha jana, kile cha zamani kimekuwa kigumu kama ganda na kina weupe pembeni. Usiku pampu imenyamaza, ikawa inawaka mara moja moja tu, mume wangu kahesabu muda mrefu kati ya mara na mara, kama dakika 20 hivi.

Kuhusu koki, ipo moja kwenye sinki la kufulia nyuma ya nyumba, inatoa kauzi kembamba. Lakini hiyo hatupotezi maji Fundi, tumeweka ndoo ya lita 20 chini yake, tunaikinga jioni kama saa 12 asubuhi saa 1 imejaa, tunapigia deki na kumwagilia maua. Mchana tunaweka tena. Kwa hiyo hilo siyo tatizo.

Fundi Koki

Koki ya upande gani? Baridi au moto?

Mama Wawili

Ya upande wa moto, ila maji yanayotoka ni ya baridi kabisa, nimegusa sasa hivi. Asubuhi ndoo iko baridi kama ya bomba la kawaida.

Fundi Koki

Basi dada umeshazipata zile yuniti 50.

Maji yakitoka kwa kauzi yanatembea polepole sana ndani ya bomba, kutoka kwenye hita mpaka nyuma ya nyumba yanachukua muda mrefu na njiani yanapoteza joto lote kwenye ukuta. Yanakufikia yakiwa baridi kwa hiyo huwezi kudhani ni ya moto. Lakini kwenye tangi yalitoka ya moto, na kila lita iliyotoka imeingia lita nyingine baridi ambayo hita inatakiwa kuipasha. Nenda kashike bomba la moto pale linapotoka tu kwenye hita, wakati hakuna mtu aliyetumia maji ya moto kwa masaa kadhaa. Litakuwa la moto. Lilitakiwa liwe limepoa.

Hiyo ndoo inaokoa maji kweli na nawapongeza kwa hilo, familia nyingi wangeyaacha yaende. Umeme wake ndo ulikuwa unabaki ukutani.

Nyaya Kimya

Fundi umenifundisha kitu leo, hilo la maji kufika baridi sikuwahi kulifikiria.

Hesabu: lita 20 kwa masaa 13 ni kama lita 36 au 37 kwa siku. Tumesema lita 100 ni yuniti 4, basi hizi ni yuniti 1.5 kwa siku, kwa mwezi 44 au 45. Ongeza 54 za pampu unapata karibu 100. Zilizobaki 10 ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa matumizi.

Kikombe Kimoja

Mada nzuri sana hii nimeisoma yote. Mimi naomba kuchangia kwenye hita, nilishaambiwa na watu wawili tofauti kwamba ni nafuu kuiacha on muda wote kuliko kuizima na kuwasha, kwa sababu ikianza upya kupasha maji baridi inavuta umeme mwingi sana. Na mwingine akaniambia nishushe digrii mpaka 45 maana ndo joto la kuogea. Vipi hapo wataalamu?

Nyaya Kimya

La kwanza si kweli, japo limesambaa sana. Tangi la maji ya moto linapoteza joto kwa kadiri lilivyo na joto kuliko hewa ya nje. Ukilizima linaanza kupoa, na kadiri linavyopoa ndivyo linavyopoteza kidogo zaidi. Ukija kuwasha unarudisha kile tu kilichopotea, na kilichopotea ni kidogo kuliko kama ungeliacha kwenye digrii 60 masaa yote hayo. Kuzima hakujawahi kukutia hasara. Swali ni unaokoa kiasi gani, kama tangi lina sponji nzuri ndani na mnaoga asubuhi na jioni faida ni ndogo, kama ni tangi la zamani au mnasafiri siku mbili tatu faida ni kubwa. Weka taima iwake mapema ya kutosha kabla ya kuoga, usitegemee kumbukumbu.

Hilo la pili la 45 naomba mlikatae kabisa. Kuna bakteria anaitwa Legionella anazaliana kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya digrii 20 na 45 ndo anapopenda, na ukivuta kwa pumzi matone madogo ya maji hayo kwenye shawa unaweza kupata homa kali ya mapafu. Tangi liwe 60, hapo anakufa. Dada una mama mkwe mtu mzima hapo nyumbani, wazee ndo wako kwenye hatari zaidi. Ukitumia taima hakikisha kila inapowaka inafika 60 kweli, isizimike katikati. Lakini 60 inaunguza ngozi ndani ya sekunde chache tu, kwa hiyo kama kuna watoto mwambie fundi aweke valvu ya kuchanganya ili kwenye shawa yafike yakiwa yameshapunguzwa.

Na jamani mtu asifungue kifuniko cha hita bila kuzima swichi kubwa. Nimeona mkono wa mtu aliyesema "nageuza tu kidogo".

Fundi Koki

Niongeze, valvu ya usalama kwenye hita ikiwa inadondosha msiizibe kamwe. Iko pale ili tangi lisipasuke. Ikidondosha sana maana yake presha ya pampu iko juu au valvu imechoka, zote zinatengenezeka.

Na bomba la moto livalishwe zile sponji nyeusi ndefu, hasa mita 2 za kwanza kutoka kwenye hita. Kwa nusu siku unakuwa umemaliza.

Jua la Asubuhi

Mimi siyo fundi, ila nimeishi kwenye nyumba ya bati yenye joto kali na nimejifunza mawili matatu. Feni hailipozi chumba, inakupoza wewe uliyekaa mbele yake, kwa hiyo ukitoka izime. Na jua lizuie likiwa nje. Tulikuwa na mapazia mazito ndani, haikusaidia sana maana kioo kilishapitisha joto na pazia lenyewe likawa la moto ukiligusa. Tukatoa kivuli nje ya dirisha la magharibi, mkeka tu wa matete unaoning'inia, chumba kikabadilika jioni ile ile. Bati tulipaka rangi nyeupe.

Maji ya mvua pia msiyadharau. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 ni lita 1000, toa kidogo zinazopotea. Yale ya mwanzo yenye vumbi yaacheni yapite, na tangi lifunikwe vizuri mbu wasiingie. Maji ya kuoshea nguo tunaflashia choo, ila ni ya siku hiyo hiyo, yakilala yananuka.

Kikombe Kimoja

Asante dada. Na mashine ya kufulia je? Mi nafulia 60 kila siku, nimezoea hivyo.

Nyaya Kimya

Umeme mwingi wa mashine unaenda kwenye kupasha maji, kuzungusha ni kidogo. Nguo za kawaida 30 inatosha, jaza mashine ndo uwashe, 60 ibaki kwa taulo, mashuka na nguo za mgonjwa.

Mzee wa Kubana

Nyaya Kimya nimekuelewa, jirani nitamweleza vizuri. Leo nimepima shawa yangu kwa ndoo na saa, dakika moja lita 14. Hii ni nyingi au?

Fundi Koki

Ni nyingi mzee wangu. Vichwa vya shawa vya kisasa vinavyobana maji vinatoa lita 6 mpaka 9 na unaoga vizuri tu kwa sababu vinachanganya hewa au vinagawa matundu madogo. Kubadilisha ni kufungua na kufunga kwa mkono, weka tepu nyeupe kwenye nyuzi. Kila lita 100 za maji ya kuogea ambazo hukuzimwaga unaokoa na umeme kama yuniti 2, inategemea maji yako yanaingia ya baridi kiasi gani.

Mama Wawili

Wadau nimerudi baada ya wiki mbili.

Koki ya sinki tumeifungua, ndani kile kiraba kilikuwa kimechimbika upande mmoja kama kimeng'atwa. Tumeweka kipya. Bomba la moto nililishika asubuhi kabla hatujaoga, limepoa. Pampu usiku kucha haijawaka hata mara moja, mama kasema kwa mara ya kwanza ndani ya miezi amelala hajaamka usiku, na hilo kwangu limezidi hata bili.

Umeme nasoma mita kila siku saa 1 jioni naandika kwenye daftari. Kabla ilikuwa wastani wa yuniti 10 kwa siku, wiki ya kwanza baada ya matengenezo 6.8, wiki ya pili baada ya kuvalisha bomba sponji na kuchomoa king'amuzi usiku 6.3. Maji tangi linashuka kwa mwendo wa zamani.

Mtoto karudishiwa chaja yake. Baba yao mwenyewe ndo kampelekea chumbani na wamekaa wakaongea. Sasa hivi mkubwa ndo anasoma mita, kashajua kugawanya 3600, juzi kawasha birika akakimbia kwenda kuhesabu akarudi anasema mama haliwezekani kuhesabika linakonyeza haraka mno, nikamwambia hesabu mikonyezo 10 halafu ugawanye. Kapata wati 2000 na kidogo. Siku hizi anapima maji kwa kikombe kabla ya kuyaweka kwenye birika.

Kimebaki kitu kimoja. Nilibana karatasi kwenye mlango wa friji kama nilivyosoma mahali, nikafunga nikaivuta, juu na pembeni inashika lakini upande wa chini inachomoka yenyewe. Ndani barafu ya friza imekuwa nene kama vidole viwili. Je ni mpira wa kubadilisha au kuna njia nyingine kwanza?

Nyaya Kimya

Njia nyingine ipo. Zima friji, toa vitu, acha barafu iyeyuke yenyewe, usiichokoe kwa kisu utatoboa bomba la gesi. Mpira uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni hasa kwenye mikunjo, upande wa chini ndo uchafu unakojikusanya. Kama umelala, mwagia maji ya moto kiasi au pitisha hewa ya drai ya nywele kwa mbali huku unauvuta kwa vidole urudi umbo lake, kisha funga mlango uache masaa kadhaa. Nyuma ya friji futa vumbi kwenye vile vibomba vyembamba vyeusi na uisogeze isigusane na ukuta. Rudia karatasi. Ikichomoka tena ndo ununue mpira, na namba ya modeli iko kwenye kibandiko ndani ya mlango.

Mama Wawili

Jumamosi nafanya. Mkubwa kashasema atapima mita kabla na baada.